Kizibo cha Chet

Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili, wanaume wa ukumbi wetu wa klabu hukaa wakaiandikia timu barua ambayo hakuna anayeisoma. Nimewakaangia samaki siku hiyo kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo ninajua ninachosema. Barua humwelekeza mwenye timu amchukue kijana gani. Wote hutia sahihi, inapelekwa parokiani kwenye mashine ya faksi ya Padri, na huko iendako huishia pipani. Jibu tulilowahi kupata ni moja tu, bahasha yenye stika mbili za kubandika kwenye gari. Bernie Sokol, mwenyekiti wa ukumbi, amezitia kwenye fremu na kuzitundika juu ya kaunta.

Timu yetu ya mpira wa Kimarekani ni mbovu. Sisemi hivyo kwa kuitukana, ndivyo ilivyo, na hapa kando ya Ziwa Erie hata mapadri wanakubali. Na kwa kuwa utaratibu ni kwamba timu iliyovurunda kuliko zote ndiyo inayotangulia kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, sisi tuko mwanzoni mwa foleni karibu kila mwaka. Miji mingine Aprili watu wanalima bustani. Sisi tunabishana.

Ubishi wenyewe ni ule ule tangu nilipoolewa. Ukiwa na nafasi ya juu namna hiyo, umchukue mrushaji au umchukue mkingaji? Mrushaji ndiye mwenye jina. Husimama nyuma na mpira mkononi akitafuta wa kumtupia, na fulana yake ndiyo wanayonunuliwa watoto Krismasi. Wakingaji ni wale watano wanene wanaosimama mbele yake ili majitu ya upande wa pili yasimfikie. Jina la mkingaji halijulikani na mtu mpaka siku anayoshindwa kazi.

Mume wangu, Chet, ni mtu wa mrushaji, na ukimgusa hapo umemgusa jicho. Miaka ishirini na saba iliyopita timu ilikuwa na nafasi ya pili ya kuchagua, ikamchukua mrushaji mmoja aitwaye Tavin Rourke. Mimi nilikuwa kitandani hospitali, nimejifungua jana yake. Tulikuwa tumekubaliana mtoto ataitwa Walter, jina la baba yangu. Nikalala kidogo. Nilipoamka Chet alikuwa amekaa kando ya kitanda na kofia ya timu kichwani, machozi yanamtoka kwa furaha, na karatasi za cheti cha kuzaliwa alikuwa ameshazijaza na kuzirudisha. Tavin Gorczyca. Jina la kati alisahau kuliweka.

Si yeye peke yake aliyepagawa. Mwaka ule parokia yetu ilibatiza akina Tavin wanne. Rourke akacheza misimu mitatu. Mbele yake hapakuwa na mtu wa maana, wakawa wanamwangusha mara tano, mara sita kila Jumapili. Likaenda bega, likafuata goti, na mwisho akawa akisikia tu hatua nyuma yake anautupa mpira popote ili mradi umtoke mkononi. Watu wakamzomea mpaka akaondoka. Wale Tavin wengine watatu leo wanatumia majina yao ya kati. Wetu hana la kukimbilia.

Chet hakukoma. Alimfundisha mtoto kurusha akiwa na miaka minne, kupitia tairi lililoning'inizwa kwenye mlango wa gereji, na Mungu anisamehe, mtoto alikuwa na mkono. Shuleni akawa mrushaji wao, na Chet akajitolea kuwa kocha msaidizi. Mwaka wake wa mwisho, wakingaji wawili wakubwa walihamia shule ya mji wa pili. Chet akajaza nafasi zao kwa vijana ambao hata mimi ningewasukuma wakaanguka. Nilimwambia. Akanijibu kwamba ukuta utapatikana baadaye, mradi mrushaji tunaye.

Septemba Tavin alipigwa kichwa, akatapika kwenye gari njia nzima. Daktari akaandika barua, apumzike wiki tatu. Siku ya nane yake kulikuwa na mchezo na wale wale wa mji wa pili, na mji mzima ulikuwa haulali. Chet akasema mtoto yuko sawa, mwangalie anavyokula. Shule ilitaka fomu ya mzazi kwamba mchezaji ni mzima. Fomu ile niliitia sahihi mimi, mkono wangu huu, na barua ya daktari nikaiweka kwenye droo ya mkate. Kwa hiyo mtu asidhani ninamsimulia Chet nikiwa nimenawa mikono.

Hata hakuzimia siku ile. Alipigwa, akainuka, akatembea mwenyewe mpaka kwenye benchi, akamwuliza baba yake tuna pointi ngapi. Chet akamjibu. Akauliza tena. Chet akamjibu. Alipouliza mara ya tano Chet akacheka, akadhani anatania. Kabla ya mapumziko damu ilikuwa imeshajaa ndani ya fuvu, na walipomfungua kichwa pale hospitali walituambia tumwite Padri.

Hakufa. Tavin ana miaka ishirini na saba, anakaa chumba cha chini nyumbani kwetu, asubuhi anafagia ukumbi na Bernie anamlipa kidogo. Si mjinga, na anayemwita mjinga mbele yangu atajuta. Ya zamani anayakumbuka yote, mpaka rangi ya baiskeli yake ya kwanza. Tatizo ni ya leo, hayakai. Siku nzuri yanakaa saa moja, siku mbaya dakika chache tu. Ndiyo maana mfuko wa shati lake hauachi kuwa na kijitabu na penseli. Asichokiandika ni kama hakikutokea.

Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ni wa mambo asiyotaka kuyapoteza. Anwani yetu. Dawa zake na saa zake. Namba yangu ya simu. Na chini kabisa kuna mstari mmoja: Baba bado hajasema. Kila kijitabu kikijaa na tukinunua kipya, anaunakili mstari huo pamoja na mingine. Nilimwuliza mara moja, hajasema nini? Akaniangalia kama anayeshangaa kwamba mimi ndiye wa kuuliza. "Kwamba palitakiwa kuwa na mtu mbele yangu," akasema.

Miaka kumi Chet hajasema. Yeye huita jambo lile "ile ajali", kama vile ni barafu barabarani. Mimi nilikwisha kusema zamani, nilipiga magoti kando ya kitanda hospitali nikaomba msamaha wa ile fomu na ile droo, na Tavin akaniandika: Mama amesema. Lakini Chet ukimkaribia na neno hilo anakumbuka kwamba gari linahitaji oili.

Basi mwaka huu tena tukapata nafasi ya pili. Magazetini yalikuwa majina mawili tu. Jarrell Kipp, mrushaji, mkono wa ajabu, tabasamu la kuuza dawa ya meno. Na Eben Stroud, mkingaji kutoka mashamba ya mahindi ya Iowa, kilo mia moja na arobaini na tano, ambaye kila akihojiwa anajibu "ndiyo, bwana" na "hapana, bwana", basi. Majira yote ya baridi Tavin alikuwa anaandika. Nilimwona mezani jikoni akifuta, akisoma, akisahau, akisoma tena alichoandika na kuendelea kutoka hapo. Ilimchukua miezi mitatu kujaza kurasa mbili.

Siku yenyewe tulifungua ukumbi saa kumi. Wakafika watu arobaini na mmoja. Nilikaanga samaki, nikachemsha pierogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, na bia zikaanza kufunguliwa, maana ndizo tunazopigia kura. Utaratibu wetu ni wa vizibo. Mezani mbele hukaa makopo mawili ya kahawa yaliyobandikwa majina. Kila mtu husimama kwa zamu, akatoa sababu yake kwa dakika moja, akatia kizibo cha bia yake kwenye kopo analotaka. Chet ndiye mhesabuji, kwa hiyo yeye hutia cha mwisho.

Mengi yaliyosemwa nimeyasikia kila mwaka. Bernie, hata kabla ya zamu yake, alisema mji huu unahitaji sura, na hakuna anayebandika picha ya mkingaji ukutani. Mwingine akasema Stroud ana miguu mizito. Ozzie Pruitt, aliyefanya kazi na Chet tanuru moja miaka ishirini na miwili mpaka kiwanda kilipofungwa, akamwuliza huyo mwingine kama ameiona miguu yake mwenyewe siku hizi, na watu wakacheka mpaka bia zikamwagika. Ozzie ni mtu wa mkingaji. Kila mwaka anashindwa, na kila mwaka anasema atahamia ukumbi wa Waitaliano.

Tavin alikaa karibu na dirisha la jikoni ninapopitishia sahani. Ilipofika zamu yake akasimama na kijitabu. Wengi walijua kwamba yeye hupita tu na kutia kizibo bila kusema, wakawa wanaendelea na mazungumzo yao. Ozzie akagonga meza, wakanyamaza.

"Nimeandika," Tavin akasema, "kwa hiyo mtanivumilia nikisoma."

Akasoma polepole, kidole kwenye mstari.

"Mkimpata Kipp mtafurahi. Mtanunua fulana yake. Halafu Jumapili ya kwanza atasimama kule nyuma, na kule nyuma mtu haoni. Macho yako yako mbali, kwa yule unayetaka kumtupia. Anayekuja kukupiga humwoni, unamsikia. Unachotegemea ni mtu aliye mbele yako. Kama hayupo, kipaji hakikusaidii kitu. Mchukueni Stroud kwanza. Mrushaji atapatikana hata mwakani. Lakini mrushaji akishavunjika ndiyo basi, hata mkimjengea ukuta wa dhahabu."

Akafunga kijitabu. Nikadhani amemaliza, lakini akageuka kwa Chet aliyekuwa kwenye meza ya makopo.

"Mimi nilikuwa mzuri. Au siyo, Baba?"

"Ulikuwa mzuri sana," Chet akasema.

"Haya," Tavin akasema. Akaenda mbele, akatia kizibo chake kwa Stroud, akarudi kukaa.

Nilikuwa nimeshika kijiko cha kutolea samaki na sikujua kwamba mafuta yanaungua. Hapana mtu ndani ya ukumbi ule ambaye hakuelewa. Nusu yao walikuwapo uwanjani siku ile. Walioendelea baada yake waliongea kwa sauti ya chini, na wanne watano ambao ninajua kabisa walikuja kumpigia Kipp, akiwamo Bernie na sura zake za mji, wakatia kwa Stroud bila kutoa sababu. Hata hivyo haikutosha. Mtu wa mwisho alipokaa, Chet akahesabu, ishirini na sita kwa Kipp, kumi na nne kwa Stroud. Kikabaki kizibo chake tu, na kizibo chake hakikuwa na cha kubadili.

Nataka hilo lieleweke, maana ndilo linaloniuma. Kama ingekuwa sare ningesema sawa, mtu ana imani yake, hawezi kuiuza. Lakini Kipp alikuwa ameshapita. Kile kizibo alikuwa na hiari ya kukitupa popote, na mbele yake alikaa mwanawe, amekunja mikono, anamtazama. Nikamwomba Mungu, mimi ambaye siku hizi simsumbui sana.

Ozzie akainama kwa Chet. Alijaribu kunong'ona, lakini mtu aliyefanya kazi kwenye tanuru hajui kunong'ona.

"Mpe kijana kizibo, Chet. Hakitakugharimu kitu, ndugu yangu."

Chet akakigeuzageuza kidoleni. Akasema anampenda mwanawe, kila mtu anajua. Akasema amemsikiliza. Kisha akasema mpira ni mpira.

"Rourke alikuwa mrushaji halisi," akasema. "Bahati ndiyo haikuwa yake. Huwezi kumwacha mtu mwenye mkono kama ule kwa kuogopa. Ukuta utajengwa baadaye."

Akakitia kwa Kipp. Kikalia ndani ya kopo. Ozzie akachukua koti lake, akaenda kusimama nje.

Nikamwangalia Tavin. Alikuwa ametoa penseli, kijitabu kiko wazi gotini. Kisha akafunga kijitabu bila kuandika, akarudisha penseli mfukoni, akaniomba pierogi. Nikaelewa. Aliamua mwenyewe kuliacha lile lipotee, na ndiyo njia pekee aliyonayo ya kutomchukia baba yake. Nilimwekea sahani ikajaa mpaka ikamwagika, na nikaenda uani kulia kidogo pamoja na Ozzie, ambaye alijifanya ana mafua.

Barua ikaandikwa, ikatiwa sahihi, ikaenda kwa faksi ya Padri. Saa mbili televisheni ikawashwa. Timu ya kwanza ikamchukua mtu wake, na baada ya dakika chache yule bwana wa ligi akasimama na karatasi akasoma jina la Jarrell Kipp. Ukumbi ukalipuka. Wale wale waliokuwa wamenyamaza kama wako msibani walipanda juu ya viti. Chet alilia kama alivyolia siku ile ya cheti cha kuzaliwa. Akamkumbatia kila mtu, akamkumbatia na Tavin, akimwambia safari hii itakuwa tofauti, utaona, safari hii itakuwa tofauti. Tavin alimpigapiga mgongoni. Kelele humchosha kichwa, nikasema twende nyumbani.

Giza lilikuwa halijashika sawasawa. Chet aliendesha, Tavin mbele kando yake, mimi nyuma na masufuria yangu. Tulipopita duka la matairi Tavin akauliza.

"Walimchukua nani?"

"Kipp, mwanangu. Tumempata Kipp." Chet bado alikuwa na furaha, anapiga usukani kwa viganja.

Tavin akafikiri. Niliona shavu lake, lilivyonywea.

"Na mbele yake yuko nani?"

"Watatafuta mtu."

Tukaenda. Taa nyekundu pale kwenye kona ya kiwanda, ambako siku hizi hakuna gari linalotoka wala kuingia lakini taa wameiacha, ikatusimamisha.

"Baba, walimchukua nani?"

"Kipp," Chet akasema. Safari hii hakupiga usukani.

Na uso wa Tavin ukashuka tena, pale pale, kana kwamba anaipokea habari kwa mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa mara ya kwanza. "Na mbele yake yuko nani?"

Taa ikageuka kijani na Chet akachelewa kuondoka. Kwenye kioo nilimwona macho. Nimeishi na mwanaume huyu miaka thelathini na moja na sijawahi kumwona anaogopa, hata siku kiwanda kilipofungwa. Alikuwa anaendesha kama mtu anayejua kuna shimo mbele lakini hakumbuki liko wapi.

Tulikuwa tumeshaingia mtaa wetu Tavin alipouliza mara ya tatu. Aliuliza kwa adabu ile ile.

"Baba, hivi walimchukua nani?"

Chet akasimamisha gari mbele ya nyumba. Akazima injini. Akaendelea kushika usukani.

"Stroud," akasema.

"Yule mkingaji?"

"Yule yule. Eben Stroud."

Tavin akageuka mzima mzima. Sijaona uso ule tangu awe na miaka kumi na saba. Akatoa kijitabu na penseli, akawasha taa ya ndani ya gari, akaandika huku akitamka: wamemchukua Stroud. Halafu penseli ikasimama.

"Na wewe ulimpa nani? Kizibo chako."

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza, na mpaka leo sijui nilifanya hivyo kwa huruma au kwa ule ule woga uliotia sahihi ile fomu.

"Nilimpa wako," Chet akasema. "Ulisema kweli pale ukumbini. Mtu hawekwi nyuma kule bila mtu mbele yake. Ni kumuua mtoto." Akavuta pumzi. "Palitakiwa kuwa na mtu mbele yako, Tavin. Nilijua, na nikakuweka hivyo hivyo."

Tavin aliandika yote. Yaliandikwa polepole, na sisi wawili tukangoja kama watu walioletwa mbele ya karani. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza, akapitisha penseli juu ya ule mstari wa chini, mara moja, mara mbili. Akazima taa. Akamwambia baba yake, "Asante," akashuka, akaenda kufungua mlango.

Chet akabaki amelaza paji la uso kwenye usukani. Nilimchukia, na nikamwonea huruma, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine. Neno nililolingoja miaka kumi lilikuwa limekuja, la kweli tupu, lakini alikuwa amelifungia ndani ya uongo ambao televisheni ingeufungua asubuhi. Nikamwambia, kesho mweleze vizuri. Mwambie wamemchukua Kipp, na kizibo ulimpa Kipp, lakini lile la mwisho ulilolisema ni la kweli. Akatikisa kichwa kukubali.

Asubuhi niliwahi kuamka. Gazeti nikaliokota mlangoni, nikalitia pipani chini ya maganda ya viazi. Televisheni sikuifikiria, kwa sababu Tavin haiwashi. Aliiwasha Chet. Nadhani ni mazoea tu ya mkono, miaka yote anakunywa kahawa yake akiitazama. Na pale alikuwapo Jarrell Kipp, amevaa kofia yetu, ameshika fulana yetu, tabasamu lote nje.

Tavin alikuwa anakula mayai. Akaangalia televisheni. Akatoa kijitabu, akasoma, akaangalia tena.

"Hapa nimeandika Stroud," akasema.

Chet akapiga funda la kahawa.

"Nimeandika Stroud. Na nimeandika Baba alimpa Stroud. Na haya mengine." Alikuwa anasoma mwandiko wake mwenyewe kama barua iliyokosea nyumba. Akafunua nyuma, ukurasa wa kwanza, akauona ule mstari uliokatwa. Akakaa akiutazama. Nikamkanyaga Chet mguu chini ya meza. Nikamwambia kwa sauti, mbele ya mtoto, "Sema, Chet."

Chet akafungua mdomo. Akaweka kikombe, akasema gari linahitaji oili, akatoka.

Nilimshika Tavin mkono. Nikamwambia hukukosea, ulisikia sawasawa, baba yako alisema kweli, nilikuwapo kwenye gari. Akanisikiliza kwa upole wote. Lakini pale kwenye televisheni alikuwa Kipp, na kwenye kitabu alikuwa Stroud, na tangu kichwa chake kifunguliwe, ikiwa dunia na kijitabu havipatani yeye hujua ni nani wa kulaumiwa.

"Unanionea huruma tu, Mama," akasema. "Nimechanganya. Nilitaka iwe hivyo, nikaiandika."

Akapitisha mstari juu ya ukurasa wa jana, wote, kuanzia jina la Stroud mpaka neno la mwisho la baba yake. Gereji ikasikika ikifunguliwa. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, na chini ya ule mstari uliokatwa akaanza kuuandika tena kwa herufi kubwa, ili safari nyingine asikosee. Penseli ilikuwa butu. Akaniomba kisu cha kuichonga, nikampa.